Uswisi Mwaka 1942

Wanachuo wangu wa ualimu walidhani kwamba nchi isiyoegemea upande wowote vitani hulala usingizi mnono. Niliwatajia Uswisi ya mwaka 1942. Taa zilizimwa usiku, bustani za mijini zililimwa viazi, na mwezi Oktoba mkate nao ukaanza kugawiwa kwa kadi. Hayo yalivumilika. Zito lilikuwa mpakani. Agosti mwaka huo serikali iliamuru waliokimbia kwa sababu ya Uyahudi wao tu warudishwe. Waziri von Steiger akaifananisha nchi na mashua ndogo iliyokwisha kujaa. Wananchi wengi walipinga, amri ikalegezwa kwa muda.

Niliwauliza: ungekuwa askari wa zamu pale, mbele ya mtu na mkewe waliolowa mvua, ungefanyaje? Mmoja alijibu kwamba angemwuliza mkubwa wake. Ndivyo wengi walivyofanya.