Mbata za Kaloleni na Gliserini ya Ulimwengu

Mtu aendaye Kaloleni, juu ya vilima vilivyo nyuma ya Kilifi, hukutana na minazi kila upande. Pengine hafikiri kwamba tunda la mti huu lina uhusiano na mizinga ya Ulaya, lakini linao.

Nazi ikipasuliwa na kukaushwa huwa mbata, na mbata zikikamuliwa hutoa mafuta. Mafuta hayo yakipikwa pamoja na magadi makali hugeuka sabuni, na katika maji yanayobaki hupatikana gliserini, kitu kizito, kitamu, kisicho na rangi. Mwaka 1847 Ascanio Sobrero, mwanakemia wa Torino, aliichanganya na asidi kali akapata kitu cha kulipuka. Na mwaka 1867 Alfred Nobel akafanyiza dinamiti kwacho. Tangu hapo kiwanda cha sabuni kikawa jirani wa kiwanda cha silaha, na kila vita vilipozuka mafuta yalitafutwa kwa pupa.

Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Ufilipino, nchi iliyokuwa ikiuza mbata kwa wingi mno. Uhaba wa mafuta haukwisha vita vilipokwisha. Ndiyo maana Waingereza walianza mpango wa karanga Tanganyika mwaka 1947, ukawashinda, wakauacha mwaka 1951. Minazi ya Wagiriama haikuhitaji trekta hata moja, kwani ilikwisha kusimama. Bei ya mbata ilipopanda, mnazi wa babu ukawa mali.

Hapo ndipo mashaka yalipoingia. Karara igemwayo tembo haizai nazi, basi mwenye shamba hana budi kuchagua. Tena wazee waliotaka fedha za mahari au za matanga waliuza minazi yao, au waliiweka rahani, na watu wenye akili ya biashara wakaikusanya. David Parkin, mtaalamu wa mila aliyekaa Kaloleni miaka ya 1960, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1972 jinsi wanunuzi hao walivyotegemea ushahidi wa wazee mashauri yalipozuka. Tajiri mpya, ajapokuwa na minazi mingi, hakuthubutu kuwadharau wazee maskini.

Huko ng'ambo, mwaka 1948 kampuni ya Shell ilianza kutengeneza gliserini huko Texas kutokana na mafuta ya petroli. Kisha, katika miaka ya 2000, mafuta ya mimea yakageuzwa dizeli kwa wingi, na kila tani kumi za dizeli hiyo huacha kama tani moja ya gliserini. Soko likafurika, bei ikaanguka. Kaloleni mgema angali akipanda mnazi asubuhi na jioni, na tembo lake huuzwa siku ile ile.