Nyumba Yenye Chama: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua Nyumba Marekani



Familia nyingi za makanisa yetu ya Kivu, Tanganyika na Ituri zina watoto na ndugu wanaoishi Marekani. Wengi wao walipita katika kambi za Nyarugusu, Nakivale, Kyangwali, Gihembe au Dzaleka, kisha wakapokelewa katika miji kama Houston, Phoenix, Louisville, Des Moines na Grand Rapids. Baada ya miaka ya kazi katika viwanda na maghala, wanaanza kutafuta nyumba ya kununua. Hapo ndipo wanakutana na herufi tatu: HOA. Wanatupigia simu kuuliza maana yake, na wazazi waliobaki hapa nyumbani wanauliza vilevile, kwa kuwa nyumba ni shauri la ukoo mzima. Tumeandika maelezo haya ili yasomwe na pande zote mbili.

Chama hiki ni nini?

HOA ni chama cha wenye nyumba wa mtaa mmoja au wa jengo moja. Kwa kawaida kampuni inayojenga mtaa hukiunda kabla ya kuuza nyumba ya kwanza, na masharti yake huandikishwa katika ofisi ya kaunti pamoja na karatasi za ardhi. Tangu hapo masharti hayo hufuata nyumba, hata ikibadilisha wenyewe mara kumi. Anayenunua anakuwa mwanachama siku ya kutia sahihi, na hawezi kujiondoa mpaka auze. Watu zaidi ya milioni 70 nchini Marekani wanaishi chini ya vyama vya namna hii.

Kwetu Kongo hakuna kitu kinachofanana nacho kabisa. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi ni mali ya Serikali, nasi tunapewa sertifika ya kutumia parseli. Lakini majirani wa avenyu hawana karatasi iliyoandikishwa inayoamuru rangi ya mlango wako. Kilicho karibu zaidi ni mituelle ya ukoo, ambapo kila mmoja anatoa mchango na kuna kamati. Tofauti ni kubwa, hata hivyo. Ukiacha kulipa mituelle, utakosa msaada siku ya msiba. Ukiacha kulipa chama cha nyumba, unaweza kupoteza nyumba.

Chama kinaongozwa na kamati inayochaguliwa na wenye nyumba. Katika mtaa mpya, mara nyingi kampuni iliyojenga ndiyo inayoshika madaraka mpaka nyumba nyingi ziwe zimeuzwa. Kamati inaweza pia kuajiri kampuni ya usimamizi, na hiyo ndiyo inayotuma barua na kukusanya pesa.

Mchango unalipia nini?

Tuseme haki: chama kina faida. Mchango hulipia taa, bustani, barabara za ndani, kuondoa theluji, kubeba taka, na mahali pa watoto kuchezea. Katika jengo la fleti za kununua, ambalo huitwa kondo, mchango mara nyingi hulipia pia paa, kuta za nje na bima ya jengo. Mjane au mzee asiyeweza kupanda juu ya paa anaweza kuona kwamba pesa yake imetumika vizuri. Kwa hiyo hatusemi kwamba nyumba yenye chama ni mbaya. Tunasema ipimwe.

Kuhesabu gharama

Katika Luka 14 Bwana Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye inampasa kwanza aketi na kuhesabu. Basi na tuketi tuhesabu. Tuchukue mchango wa dola 220 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 2,640. Kwa miaka 30, hata kama hautapanda kamwe, ni dola 79,200. Lakini mchango hupanda, na hauishi hata mkopo wa benki ukiisha.

Kuna njia nyingine ya kuuona uzito huo. Kwa riba ya asilimia 7 na muda wa miaka 30, dola 220 kila mwezi zingeweza kulipa mkopo wa karibu dola 33,000. Maana yake, mkopo wa dola 250,000 kwa nyumba yenye mchango huo unaubana mfuko wako karibu sawa na mkopo wa dola 283,000 kwa nyumba isiyo na chama. Ukishapata hesabu hiyo, toa yale ambayo chama kinakulipia na ambayo ungelipa mwenyewe, kama taka au bima ya paa. Kinachobaki ndicho bei halisi ya chama.

Jihadhari na jambo moja. Kodi ya nyumba na bima mara nyingi hukusanywa pamoja na malipo ya benki, lakini mchango wa chama kwa kawaida hulipwa peke yake. Benki huuhesabu inapopima uwezo wako wa kukopa, lakini haikulipii. Familia inayolipa benki kila mwezi bila kukosa inaweza kudhani iko salama, kumbe deni la chama linaongezeka upande wa pili.

Mchango mdogo unaweza kuficha deni kubwa

Chama kizuri huweka akiba kwa ajili ya matengenezo makubwa. Chama kisicho na akiba, siku paa au barabara inapoharibika, huwadai wenye nyumba mchango maalumu, mara nyingine maelfu ya dola kwa kila mlango.

Mfano mchungu ni jengo la Champlain Towers South huko Surfside, Florida. Mwaka 2018 mhandisi aliandika kwamba saruji ya jengo ilikuwa na uharibifu mkubwa. Wenye fleti walibishana kwa muda mrefu juu ya gharama. Mwaka 2021 chama kiliamua kukusanya dola milioni 15 hivi, ambazo kwa kila fleti zilikuwa makumi ya maelfu na zaidi. Kabla ya kazi kubwa kufanyika, tarehe 24 Juni 2021, sehemu ya jengo ilianguka usiku na watu 98 wakafa. Mwaka uliofuata Florida ilitunga sheria ya kulazimisha ukaguzi wa majengo marefu ya kondo na akiba ya kutosha. Kwa hiyo wakala wa nyumba, yule tunayemwita komisioneri, akikusifia kwamba mchango ni mdogo, muulize akiba ni kiasi gani.

Ukishindwa kulipa

Deni la chama huandikwa juu ya nyumba yenyewe. Huongezwa faini ya kuchelewa na gharama za wanasheria, na mara nyingine gharama hizo hupita deni la kwanza. Katika majimbo mengi chama kinaweza kufanya nyumba iuzwe ili kijilipe, hata kama benki inalipwa vizuri.

Kila jimbo lina sheria yake. California hairuhusu chama kuuza nyumba kwa deni la mchango lililo chini ya dola 1,800, isipokuwa kama limekaa zaidi ya miezi 12. Texas humpa mwenye nyumba iliyouzwa siku 180 za kuikomboa, tangu chama kinapomtumia notisi ya mauzo. Huko Nevada, mwaka 2014, Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kwamba sehemu ya deni la chama, ile ya miezi 9, hutangulia hata deni la benki. Ndiyo maana barua ya chama haiwekwi kando kwa sababu imeandikwa Kiingereza. Itafsiriwe siku hiyo hiyo. Ukiwa umepungukiwa, omba kwa maandishi kulipa kidogo kidogo kabla mwanasheria hajaingia.

Masharti na maisha yetu

Masharti mengi yanahusu rangi, uzio, majani na mapipa ya taka. Kwa familia zetu yako mengine yanayogusa maisha ya kila siku. Je, magari kumi yanaweza kusimama barabarani siku ya kikundi cha maombi? Kukiwa na matanga, hema linaweza kusimamishwa uani kwa siku tatu? Kijana anayeendesha lori anaweza kulilaza mbele ya nyumba? Mama anaweza kusuka nywele au kulea watoto wa wengine nyumbani? Mtu anaweza kupangisha chumba, kufuga kuku, au kupanda mahindi na lenga-lenga mbele ya nyumba? Vyama vingi hukataza baadhi ya mambo haya, na faini inaweza kurudiwa kila siku mpaka kosa liondolewe.

Chama hakina mamlaka yasiyo na mpaka. Sheria ya nchi ya mwaka 1968 juu ya haki katika makazi inakataza ubaguzi kwa sababu ya kabila, rangi, dini au nchi ya asili, na tangu mwaka 1988 inalinda pia wenye ulemavu na familia zenye watoto, isipokuwa katika mitaa iliyotengwa kisheria kwa wazee. Kama wengine wanaruhusiwa sherehe za kuzaliwa na ninyi mnakatazwa maombi tu, mnaweza kupeleka malalamiko katika wizara ya nyumba, HUD, ndani ya mwaka mmoja. Vilevile, tangu mwaka 1996 kanuni ya nchi inazuia chama kukataza antena ya sahani isiyozidi mita moja katika sehemu iliyo yako peke yako.

Ulinzi huo ulipatikana kwa shida. Zamani masharti ya mitaa yaliandikwa waziwazi kuwazuia watu weusi. Familia ya Shelley, waliokuwa weusi, ilinunua nyumba St. Louis mwaka 1945, na majirani wakaenda mahakamani kuitoa. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kutumika kutekeleza masharti ya namna hiyo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

1. Mchango ni kiasi gani, unalipwa lini, na umepanda kiasi gani katika miaka mitano iliyopita?
2. Akiba iko kiasi gani, na ripoti ya mwisho ya akiba inasema nini?
3. Kuna mchango maalumu uliokwisha kuamuliwa au unaojadiliwa? Nani ataulipa, muuzaji au mnunuzi?
4. Muuzaji ana deni au faini yoyote kwa chama? Dai barua ya chama inayothibitisha.
5. Chama kiko katika kesi mahakamani?
6. Wangapi hawalipi? Wakiwa wengi, mzigo wao utawaangukia wanaolipa.
7. Masharti yanasema nini juu ya magari, wageni, kupangisha na kazi za nyumbani?
8. Kamati inakutana lini? Omba kusoma kumbukumbu za mikutano ya mwaka uliopita.

Katika majimbo mengi muuzaji anapaswa kukupa karatasi za chama, na mengine hukupa siku chache za kujiondoa baada ya kuzipokea. Andikeni katika mkataba kwamba ununuzi utategemea kuzisoma na kuridhika. Msimpe mtoto wa miaka 12 kazi ya kutafsiri karatasi hizo kwa sababu tu anajua Kiingereza. Tafuteni mtafsiri mtu mzima, na mwanasheria wa nyumba wa jimbo hilo. Malipo yake ni madogo yakilinganishwa na kupoteza nyumba.

Kwa wazazi na ndugu tulio hapa, tuna ombi. Tusiwaharakishe watoto wetu kwa kuwauliza kila wiki kwa nini hawajanunua nyumba kama fulani. Hao ni watu waliokwisha kukimbia nyumba mara moja, na wengine mara mbili au tatu. Mtoto akikuambia bado anasoma karatasi za chama, mpe muda, mwombee, na muulize swali la 2 na la 3 kati ya haya tuliyoyaorodhesha.