Ushonaji wa matanga katika Ziwa Nyasa

Ushonaji wa matanga ni kazi ya kukata, kuunga na kutia viraka vitambaa vinavyonasa upepo chomboni. Katika bandari za Bahari ya Hindi ina mafundi wake wa nchi kavu. Kwenye mwambao wa ziwa hili mkoani Ruvuma, Tanzania, kutoka Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga, mvuvi ametegemea zaidi mtumbwi wa gogo na kafi, na siku hizi injini. Kwa hiyo mwenye tanga huku hana budi kujua sindano mwenyewe.

Tanga lilifika ziwani kwa njia ya misafara. Jumbe Salim bin Abdallah, mtu wa Zanzibar aliyejikita Nkhotakota yapata mwaka 1840, alikuwa na majahazi ya kuvusha pembe na watumwa hadi ng'ambo ya mashariki, waanze safari ya miguu kwenda Kilwa. Historia ya tanga la Nyasa isiandikwe bila kuwataja watu hao waliovushwa wakiwa wamefungwa. Mwaka 1875 ikaja Ilala, meli ya mvuke ya wamisionari wa Uskoti, nayo ikiwa na milingoti ya matanga. William Percival Johnson, mmisionari wa Kianglikana aliyefia Liuli mwaka 1928, aliishi muda mrefu ndani ya meli ya misheni, Charles Janson, akizunguka vijiji vya mwambao.

Upepo unaotesa vitambaa ni mwera, unaovuma kutoka kusini, hasa Mei hadi Agosti. Ziwa lina urefu wa kilomita zaidi ya 550, na mwera hulipitia kwa urefu wake, hivyo mawimbi hukua bila kizuizi. Septemba 1895 mashua ya matanga iliyombeba Askofu Chauncy Maples ilipinduka katika dhoruba, naye akafa maji.

Kitambaa cha zamani ni pamba: kitali, au merikani, ile pamba isiyopaushwa ya Marekani iliyokuwa pia fedha ya misafara. Adui wa pamba ni ukungu. Kitambaa cha nailoni au poliesta hakiozi upesi, lakini jua hukila, na mara nyingi uzi hufa kabla ya kitambaa. Hapa Nyasa humpa fundi nafuu asiyoipata mwenzake wa Zanzibar: maji yake hayana chumvi ya kugandia na kusaga nyuzi, na tanga huoshwa kwa ndoo iliyochotwa ubavuni mwa chombo.

Mpasuko huanzia zaidi ukingo wa nyuma wa tanga, usioshikwa na foromali wala mlingoti, kwa kuwa hupigapiga upepo ukibadilika. Uzibwe kabla haujafika kwenye dasi, kamba iliyoshonewa ukingoni. Dasi ikiachia, mapigo machache tu huchana upana mzima. Anayeishi chomboni hana sakafu ya kutandazia tanga, kwa hiyo hulikunja mpaka mpasuko ubaki mapajani, chombo kikiwa kimetia nanga mahali pa kivuli cha upepo. Kitambaa kiwe kikavu. Kingo mbili za mpasuko hushikizwa kwanza kwa bandi, zisivutane. Kiraka hukatwa nyuzi zake zikielekea sawa na nyuzi za tanga, la sivyo kila kimoja kitanyooka kivyake na kuacha mfuko wa kushika upepo. Kingo za kiraka hukunjwa kwa ndani. Kisha shazia, sindano nene ya matanga, hupitishwa na uzi maradufu uliopakwa nta, ikisukumwa kwa kipande cha ngozi kilichofungwa kiganjani. Mishono isikaribiane mno: matundu yaliyosongamana hukipunguzia kitambaa nguvu, kikachanika kama karatasi ya stempu za posta.

Turubai la kivuli hushonwa kwa kanuni hizo hizo, ila pembe ndizo hubeba mzigo wote. Kila pembe hutiwa tabaka tatu au nne kabla ya kutobolewa tundu la kamba, na tundu huzungushiwa uzi mpaka ukingo wake uwe mgumu kama mshipi.

Kiraka kikimalizika, tanga huinuliwa dhidi ya jua. Mwanga ukipenya katika mstari mnyoofu kando ya mshono, uzi umekazwa mno, na kipande hicho hufumuliwa na kushonwa upya kabla ya kutweka.