Ulimi wa Zimwi: Upande wa Mhasimu katika Masimulizi ya Magharibi mwa Kenya

Malava, mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Kakamega kwenda Webuye, ndio kitovu cha nchi ya Wakabras, mojawapo ya jamii zinazounda kabila la Waluhya, na mahali ulipo mji huo panaeleza mengi kuhusu ngano zinazosimuliwa huko. Mashariki umeinuka ukuta wa miamba unaotenganisha nchi hiyo na nyanda za juu za Wanandi. Kaskazini wako Wabukusu na Watachoni. Magharibi wako Wawanga, waliotawaliwa na mfalme mwenye cheo cha Nabongo. Msitu wa Malava, ambao leo ni kipande kidogo kilichozingirwa na mashamba, ni sazo la msitu mkubwa wa mvua wa Kakamega. Katika tsingano, kama ngano zinavyoitwa katika baadhi ya lahaja za Kiluhya, msitu ndio makao ya linani, yaani zimwi lenye kula watu, na katika masimulizi ya kivita adui hushuka kutoka upande wa pili wa mpaka. Kwa hiyo mhasimu, yaani mhusika anayepingana na shujaa, si kiumbe wa mbali kwa msikilizaji wa Malava, maana ama yumo katika miti inayoonekana kutoka uani, ama ni jirani ambaye naye ana moto wake wa jioni na bibi yake wa kusimulia.

Jambo hili la mwisho lina uzito mkubwa kuliko linavyopewa kwa kawaida. Katika fasihi ya dunia, riwaya ya fantasia, yaani ile inayojengwa juu ya ulimwengu wa maajabu, inapochukua hadithi kongwe na kuisimulia upya kwa kinywa cha mwovu wake, huhesabiwa kuwa uvumbuzi wa karne ya 20. Mwaka 1971 Mmarekani John Gardner alichapisha Grendel, ambamo jitu la utenzi wa kale wa Kiingereza uitwao Beowulf linajisimulia lenyewe; mwaka 1995 Gregory Maguire akamwandikia maisha kamili mchawi wa nchi ya Oz katika Wicked; na mwaka 1999 Mrusi Kirill Yeskov akavigeuza vita vya riwaya ya Tolkien, vikaonekana kwa macho ya walioshindwa. Wote walifanya kazi kubwa, lakini katika nchi ambako makabila yanapakana bonde kwa bonde, hadithi ya upande wa pili haikuhitaji kubuniwa, kwa kuwa ilikuwa ikisimuliwa tayari, usiku uleule, mwendo wa siku moja kutoka hapo.

Mfano ulio wazi zaidi ni mgani wa Luanda Magere, mgani ukiwa ni simulizi ya shujaa wa jadi anayeaminiwa kuwa aliishi kweli. Wajaluo wa Kano husimulia kwamba mwili wake ulikuwa wa jiwe, mikuki ikigonga na kudunda, hata Wanandi walioshindwa naye mara kwa mara wakaamua kumpa binti yao awe mkewe. Siku alipougua, mume alimwagiza mke huyo achanje dawa kwenye kivuli chake badala ya mwili, na kivuli kikatoka damu. Binti akatoroka usiku kuipeleka siri kwao, na katika vita vilivyofuata mkuki ukarushwa kwenye kivuli, naye shujaa akaanguka na kugeuka jiwe. Kwa Wajaluo huyu ni mwanamke msaliti, na mara nyingi msimulizi hata hamtaji kwa jina, bali humwita tu binti wa adui. Ukiisikiliza hadithi hiyohiyo ukiwa juu ya genge, upande wa Wanandi, mambo yote yanabaki yalivyo ila hukumu: msichana aliyetolewa na wazee wake akaishi peke yake kati ya watu wasiojua lugha yake, akabeba kazi ambayo jeshi zima lilishindwa kuifanya, na kurudi nyumbani hai. Okoiti Omtatah aliupeleka mgani huu jukwaani katika tamthilia yake ya mwaka 1991. Riwaya ya binti huyo, hata hivyo, ingestahili kurasa nyingi kuliko anazoweza kupewa na tamthilia yenye jina la mumewe.

Historia iliyoandikwa nayo ilipitia mkondo huohuo. Kwenye kilima cha Chetambe, karibu na Webuye, Wabukusu walipigana mwaka 1895 na kikosi kilichoongozwa na ofisa Mwingereza Charles Hobley, kikisaidiwa na wapiganaji wa Nabongo Mumia. Kwa serikali ya Waingereza ya wakati huo, Wabukusu walikuwa wakorofi waliohitaji kutiishwa, ilhali Mumia, rafiki mwaminifu wa Waingereza, hakumbukwi kwa sifa hizo upande wa Wabukusu. Miaka 10 baadaye, tarehe 19 Oktoba 1905, ofisa wa jeshi la Waingereza Richard Meinertzhagen alimuua Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi, yaani kiongozi wao wa kiroho na wa vita, katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani. Shajara ambayo Meinertzhagen aliichapisha mwaka 1957 inamfanya yeye kuwa shujaa wa tukio hilo. Leo hakuna msimulizi wa Kinandi anayekubali mgawanyo huo wa nafasi, na haki iko upande wao.

Linani hana bahati ya namna hiyo, kwa sababu hana kabila la kumtetea. Katika ngano nyingi za eneo hili humeza watoto, ng'ombe, hata vijiji vizima, mpaka mtoto mmoja aliyesalia amuue, na waliomezwa watoke wakiwa hai. Ng'ambo ya genge yuko ndugu yake, chemosit, ambaye A. C. Hollis alimweleza katika kitabu chake cha mwaka 1909 juu ya Wanandi: nusu mtu na nusu ndege, mwenye mguu mmoja na kinywa chekundu king'aacho usiku kama taa. Inastaajabisha kwamba jamii mbili zilizoibiana ng'ombe kwa vizazi vingi zilikubaliana juu ya jambo moja, kwamba gizani yumo mlaji wa watu, kila moja ikampa jina na umbo lake.

Pwani, Waswahili walikuwa wamekaribia zaidi moyo wa mhasimu. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, muuaji wa shujaa ni mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa makuu na mfalme wa Pate kisha akamchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba. Utendi haumwachi hapo. Unamwonyesha kijana akisita, akirudi nyuma, akitumiwa barua ya kumhimiza, na baada ya tendo akinyimwa alichoahidiwa, akachukiwa na watu wote hadi kufa. Huku bado si kumpa msaliti nafasi ya kusimulia, lakini ni kukiri kwamba ndani yake mna hadithi.

Riwaya ya Kiswahili iliyothubutu kupindua nafasi za shujaa na mwovu ni Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, iliyotoka mwaka 2002. Ndani yake msafiri anapita katika dunia iliyovurugika akimtafuta kiumbe wa ajabu aitwaye P.P., na jina hilo linadokeza Peter Pan, mtoto asiyekua ambaye J. M. Barrie wa Uskoti alimpandisha jukwaani mwaka 1904. Aliyekuwa kipenzi cha vitabu vya watoto wa Uingereza anageuka kuwa nguvu inayoichezea dunia kama mwanasesere. Wamitila hakumpa mhasimu kinywa. Alimvua shujaa wa wengine taji lake, na kwa msomaji wa nchi iliyotawaliwa huo ndio mlango wa karibu zaidi wa kuingilia. Njia ya pili, ya kumwachia mhasimu mwenyewe aongoze masimulizi, imeonyeshwa na Marlon James wa Jamaika, aliyejenga ulimwengu wake kwa visasili vya Kiafrika: katika kitabu chake cha mwaka 2022 mchawi Sogolon anasimulia kwa upande wake yale ambayo mpinzani wake alikuwa ameyasimulia katika kitabu cha mwaka 2019.

Kwa mwandishi wa Malava malighafi iko karibu, nayo imo katika usimulizi wenyewe. Fanani, yaani msimulizi anayetenda anachokisimulia, hamsemei zimwi kwa mbali. Linapokuja mlangoni kuwadanganya watoto kwamba ni mama yao, bibi huikunja sauti yake iwe nzito na ya kukwaruza, huimba wimbo wa mama kwa sauti hiyo, hukosea, hurudi msituni kuulainisha ulimi, na kuja tena. Na kwa muda wote huo hakuna mwingine anayesema chumbani ila linani.