Shule ya Mabinti ya Mbweni na Watoto Wasio na Ukoo

Atokaye mjini Unguja kwenda kusini, akipata mwendo wa kilomita saba hivi, hufika Mbweni, na karibu na bahari huona magofu ya jengo kubwa la mawe. Hayo ni mabaki ya Shule ya Mtakatifu Mariamu, shule ya bweni ya mabinti. Habari zake zafaa kujulikana na kila mwalimu, kwani zaonyesha ya kuwa nyumba ya malezi ishikapo mahali pa ukoo, hutwaa na mamlaka ya ukoo pia.

Misioni ya Vyuo Vikuu ilihamia Unguja mwaka 1864, chini ya Askofu Tozer, baada ya kushindwa kukaa katika nchi ya mto Shire. Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, nao wakawa wanafunzi wa kwanza. Mwaka 1871 Tozer akanunua shamba la Mbweni pamoja na nyumba yake ya Kiarabu, na majengo ya shule yakajengwa kuizunguka. Siku zile mashamba ya Unguja, ya mikarafuu na ya minazi, yalilimwa kwa mikono ya watumwa. Basi nyumba ya bwana ikawa makao ya watoto ambao wangalikuwa watumwa wake.

Wengi wa watoto hao walitoka katika majahazi yaliyokamatwa na manowari za Kiingereza. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yake, lakini biashara ya siri haikukoma. Askofu Steere, aliyewekwa wakfu mwaka 1874, akawapa na watu wazima walioachwa huru makao katika shamba lile, kila watu na nyumba yao na bustani yao. Watu hao waliitwa mateka. Neno hili na litazamwe: latoka katika kuteka. Mtu ametwaliwa na adui, kisha ametwaliwa na mwokozi, wala mara zote mbili hakuulizwa.

Katika desturi ya pwani binti hutajwa kwa jina la baba yake, huposwa kwa wazee wake, na huozwa na walii wake. Lakini mtoto aliyetekwa mdogo katika nchi ya Wayao, au ya Wanyasa, au ya Wamakua, aweza asijue jina la baba wala la mji. Lugha ya mama hufifia, na Kiswahili huwa lugha ya bweni, ya sala na ya ugomvi pia. Basi misioni ikashika mahali pa wazazi: ikalisha, ikaadhibu, ikatoa idhini ya ndoa. Mabinti wengi waliolewa na vijana wa Kiungani, shule ya wavulana, wakafuatana nao bara katika kazi ya kufundisha.

Bibi Caroline Thackeray alifika mwaka 1877, akaitawala shule miaka 25, hata 1902. Wenye wepesi wa kitabu walifundishwa ualimu, na kazi yao ikalipwa na misioni. Wengine walipewa kushona, kupika, kufua na kulima. Hukumu ya kusema huyu ni wa kitabu na yule ni wa jembe ilikuwa ya walezi. Mtoto mwenye jamaa angalikuwa na mjomba au shangazi wa kumtetea. Hawa hawakuwa na mtu. Hata hivyo hawakukaa bila ukoo milele, maana walijifanyia wenyewe, kwa ndoa, kwa ubatizo wa watoto, na kwa urafiki wa bwenini.

Katika karne ya 20 shule iliondoka Mbweni, mapaa yakaanguka, miti ikaota ndani ya kuta. Kanisa la Mtakatifu Yohana, lililowekwa wakfu mwaka 1882, lingali limesimama. Bibi Thackeray hakuondoka. Alikaa Mbweni mpaka kufa kwake mwaka 1926.

Waalimu wa mabweni leo hupokea watoto wenye wazazi, lakini mlango wa bweni ukiisha kufungwa, mzazi yu mbali na mwalimu yu karibu. Basi kabla ya kupima mtoto ajua nini, na tuulize yeye ni wa nani, na ni nani atakayesema kwa ajili yake.