Mkono Uwezao na Mkono Utendao

Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno manne ya leo: ubongo, kipimo, uwezo, utendaji.

Kabla ya kuanza, weka mkono wako wa kushoto nyuma ya mgongo. Sasa jaribu kumenya chungwa kwa mkono wa kulia peke yake. Umeona taabu yake? Kazi nyingi za nyumbani zataka mikono miwili: mmoja washika, wa pili watenda.

Wako watoto wanaoishi na taabu hiyo kila siku. Ubongo wao uliumia kabla ya kuzaliwa, au wakati wa kuzaliwa, au katika utoto wa mwanzo. Ubongo ndio unaoviamuru viungo. Ukiumia, amri zake hazifiki sawasawa, na mkono hukaza, au hulegea, au huchezacheza wenyewe. Hali hiyo huitwa mtindio wa ubongo. Si laana, wala haiambukizi. Mwaka 2017 wachunguzi walitangaza kwamba katika wilaya za Iganga na Mayuge, Uganda, karibu watoto 3 katika kila 1,000 wanayo hali hiyo.

Leo tutaona jinsi wataalamu walivyojifunza kupima kazi ya mikono ya watoto hawa. Mtaona kwamba ilichukua miaka mingi kujua swali la kuuliza.

Twaanza London, Uingereza. Huko alizaliwa Dokta William John Little mwaka 1810. Yeye mwenyewe alikuwa na mguu uliopinda tangu utotoni, kwa hiyo alijua maana ya kuwa na kiungo kisichotii. Mwaka 1861 alisimama mbele ya chama cha madaktari wa uzazi, akawaeleza habari za watoto wenye viungo vilivyokaza. Alionyesha kwamba wengi wao walizaliwa kwa shida, au kabla ya wakati, au walichelewa kuvuta pumzi. Siku hizi twajua kwamba uzazi mgumu si chanzo cha wote. Wengi huumia wangali tumboni. Lakini Little ndiye aliyefungua mlango.

Madaktari wa zamani walikitazama kiungo chenyewe. Je, kimekaza? Kimepinda? Chanyooka hadi wapi? Hayo ni maswali mema, lakini hayatuambii kama mtoto aweza kushika kikombe.

Baadaye walianza kupima kazi. Mwaka 1969, nchini Marekani, Dokta Jebsen na wenzake walitoa jaribio lenye kazi saba, kama vile kuandika, kugeuza kadi, kuokota vitu vidogo na kuinua makopo. Mtaalamu alishika saa, akahesabu sekunde, mkono mmoja mmoja. Jaribio hilo lilitengenezwa kwa wagonjwa wa namna nyingi, kisha likatumiwa kwa watoto pia.

Hapa ndugu zangu, sikilizeni vizuri. Mtoto anakaa mbele ya mtaalamu. Anaambiwa, "Okota hiki kwa mkono wa kushoto." Anajikaza, anaokota. Mtaalamu anaandika: aweza. Lakini mama yake anasema, "Nyumbani hautumii kabisa mkono huo." Nani mwongo hapo?

Hakuna mwongo. Mtoto mwenye mkono mmoja mzuri na mmoja dhaifu hugundua mapema kwamba ule mzuri wafanya kazi upesi. Basi huutumia huo, na kushikilia vitu kwa meno au kwa magoti. Ule wa pili husahauliwa, hata kwa kazi ambazo ungeziweza. Mtaalamu alipima uwezo. Mama aliona utendaji. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotenga mambo hayo mawili: lile ambalo mtu aweza kufanya akijaribiwa, na lile alifanyalo katika maisha yake.

Wataalamu wa Sweden walikuwa wakitafuta njia ya kuuona utendaji huo. Mwaka 2003 Lena Krumlinde-Sundholm na Ann-Christin Eliasson walieleza kipimo kipya. Mtoto hapewi amri. Hupewa vitu vya kuchezea ambavyo vyataka mikono miwili, naye hucheza kwa muda mfupi huku akipigwa picha za video. Halafu mtaalamu huzitazama picha na kuandika jinsi ule mkono dhaifu unavyousaidia mwenzake.

Mwaka 2004, Ubelgiji, wenzao walitoa orodha ya kazi 21 za kila siku. Wanaojibu ni wazazi: je, kazi hii kwa mtoto wako ni rahisi, ni ngumu, au haiwezekani? Mwaka 2006 Eliasson na wenzake walitoa madaraja matano kwa watoto wa miaka 4 hadi 18, kufuatana na jinsi mtoto anavyotumia mikono yake kwa kawaida. Wa daraja la kwanza hushika vitu kwa urahisi. Wa daraja la tano huhitaji msaada kwa kila kitu. Kulijua daraja hilo, lazima kumwuliza amjuaye mtoto.

Siku hizi kuna pia vyombo vidogo vivaliwavyo kama saa, kimoja kila mkono, ambavyo huhesabu mwendo. Lakini chombo hicho hakijui kama mkono ulikuwa ukila ugali au ukining'inia tu wakati wa kutembea.

Je, kuna faida gani? Kipimo kibaya chaweza kumdhulumu mtoto. Akionekana aweza, na nyumbani hafanyi, huitwa mvivu, akapigwa. Na mazoezi yake yakipimwa kwa sekunde tu, twaweza kuyasifu ilhali bado hawezi kufunga vifungo vya shati lake. Basi mzazi anapompeleka mtoto hospitali, na aeleze bila haya mambo ayaonayo nyumbani. Ushahidi wake ni sehemu ya kipimo.

Maswali ya kuzungumza darasani
1. Uwezo na utendaji vina tofauti gani?
2. Kwa nini mtoto husahau kuutumia mkono alio nao?
3. Taja kazi tano za nyumbani kwako zinazotaka mikono miwili.

Kwaherini, hadi somo lijalo.