Mtoto wa Mvumi katika Meza ya Usuluhishi



Kama ilivyo desturi ya kijarida hiki, mwaka huu tena tunamkumbuka mtu wa nyumbani ambaye maisha yake yana somo kwetu. Tumemchagua Mzee John Samuel Malecela, aliyezaliwa Mvumi mwaka 1934. Wengi tunamfahamu kwa uwaziri mkuu wake wa 1990 hadi 1994, na kwa jina la Tingatinga. Vijana wetu hawajasimuliwa vya kutosha kuhusu kazi yake ya ubalozi na usuluhishi.

Mwaka 1964, akiwa na miaka 30 tu, alipelekwa New York kuiwakilisha nchi yetu katika Umoja wa Mataifa. Alikaa huko hadi 1968. Katika kipindi hicho Ian Smith aliwatangazia walowezi wa Rhodesia uhuru wao, na Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi Desemba 1965. Mwaka 1967 Mzee Malecela aliongoza Kamati Maalumu ya Umoja wa Mataifa iliyosimamia suala la kuondoa ukoloni. Kuanzia 1972 hadi 1975 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje.

Mambo hayo hayakuwa mbali na sisi. Mwaka uleule wa 1964, kambi za wapigania uhuru zilifunguliwa Kongwa, mahali ambapo mradi wa karanga wa Waingereza ulikuwa umeshindwa. Walikuwapo ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji na SWAPO ya Namibia. Wazee wetu waliishi nao kama majirani, na wengine wakawa wakwe.

Mwaka 1985 wakuu wa Jumuiya ya Madola walikutana Nassau, Bahamas, wakaamua kuunda jopo la watu mashuhuri kutafuta njia ya mazungumzo Afrika Kusini. Jopo lilikuwa la watu saba, wenyeviti wakiwa Olusegun Obasanjo wa Nigeria na Malcolm Fraser wa Australia. Mzee Malecela alikuwa mmoja wao. Mwaka 1986 waliingia Afrika Kusini, wakazungumza na mawaziri wa makaburu, na wakamwona Nelson Mandela katika gereza la Pollsmoor.

Pendekezo lao lilidai jambo kwa kila upande. Serikali iwaachie wafungwa wa kisiasa, iondoe majeshi mitaani na ivifungulie vyama vilivyopigwa marufuku. ANC nayo isimamishe mapigano na ikae mezani. Tarehe 19 Mei, jopo likiwa bado nchini humo, majeshi ya makaburu yalishambulia Gaborone, Harare na Lusaka. Safari ikaishia hapo.

Je, ilikuwa kazi bure? Sisi hatuoni hivyo. Februari 1990 ANC ilifunguliwa na Mandela akatoka gerezani. Mambo yaleyale yaliyokuwa yameandikwa katika pendekezo.

Tunajifunza kwamba msuluhishi halazimiki kuwa mtu asiye na upande. Upande wa Mzee Malecela ulijulikana tangu New York. Hata hivyo alikubali kukaa na asiyekubaliana naye, akamsikiliza hadi mwisho.

Tunasema haya kwa sababu mwaka jana nasi tuligawanyika. Fedha za kisima zilipatikana, lakini tukabishana kichimbwe upande upi wa kijiji, hadi kiangazi kikatukuta na akina mama bado wanatembea na ndoo. Hakuna kaburu aliyetuzuia, tulijizuia wenyewe. Tunaomba kila upande mwaka huu uje barazani na jambo moja ulilo tayari kuliachia, pamoja na mchango wake, uwe wa fedha, gunia la mtama au nguvu za mikono.

Karibuni tukae, tuyamalize, tuchimbe.